Ufunguo Umekatikia Kwenye Kufuli la Jela

Besti, usicheke. Nimefungiwa kwenye ile jela ya zamani tunayoigizia. Si igizo, nimefungiwa kweli.

Ufunguo umekatikia ndani ya kufuli. Nusu anayo Kipara, mwongozaji wetu, nusu imo humo humo.

Na leo ndiyo kaja mkaguzi wa majengo. Kasema akikuta hata bawaba moja mbovu, mji mkongwe wote ubomolewe, nyumba ya bibi yangu ikiwemo. Ila akiona watu wanakuja kutazama sanaa, mji unabaki.

Sasa ningesemaje kufuli limeharibika? Nikashika vyuma nikalia, "Jamani, nifungulieni." Makofi. Nikasema, "Sitanii, nifungulieni." Makofi yakazidi. Mama mmoja akatoa leso kabisa.

Kipara ananinong'oneza, "Endelea hivyo hivyo, dada." Niendelee na nini, na igizo limekwisha tangu nusu saa nzima iliyopita?

Mkaguzi akasogea mpaka kwenye vyuma. "Binti, umeigiza mpaka nimeogopa."

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Hata mimi nimeogopa."

Akacheka, besti. Akasaini kibali. Mji haubomolewi, ila kila Jumamosi tuigize hivi hivi, nami ndiye mfungwa.

Wageni bado wanapiga picha nami. Naandika simu ikiwa chini ya blanketi.

Wewe ndiye fundi vyuma ninayemwamini. Njoo na msumeno, pitia mlango wa nyuma. Wakikuuliza, sema unaigiza sehemu ya pili.