Nikate Wapi, Mwalimu?

Jumatatu, 1 Septemba

Nimenyang'anywa gari. Mimi! Miaka yote hii nafundisha watu udereva, leo nimekabidhiwa fimbo ya kuonyeshea alama za barabarani darasani. Bosi kasema mpaka mwisho wa mwezi. Nikithibitisha kuwa silali tena kazini, narudi kwenye kiti changu. Nisipothibitisha, gari anapewa yule mwalimu kijana wa miwani ya jua, na mimi na fimbo mpaka nistaafu.

Kosa ni langu, sibishi. Ijumaa nilikuwa na Fundi – mshonaji wa suti, mtu mzima, mpole kupita kiasi, anajifunza kuendesha gari baada ya wajukuu kumcheka. Nikamwambia anyooshe tu. Kisha nikalala. Na Fundi kwa adabu zake akanyoosha! Akamaliza mji, akavuka daraja, akapita mashamba. Nashtuka, lami imeisha na ng'ombe anatuchungulia dirishani. Nikauliza tumefika wapi. Akajibu kwa heshima zote: "Hata mimi sijui, Mwalimu. Nilikuwa nasubiri useme nikate wapi."

Nikamwambia sikulala, nilikuwa napumzisha macho. Akasema sawa. Shati langu zima lilikuwa mate.

Jumanne, 2 Septemba

Mume wangu kanisikilizisha simu yake. Eti alinirekodi usiku. Nikamwambia hilo ni trekta la jirani. Jirani hana trekta.

Tulikuwa tunacheka mpaka mkoromo ukakatika. Kimya. Kimya kirefu. Halafu mtu akavuta pumzi kama aliyeopolewa majini. Mtu mwenyewe ndiye mimi. Mume wangu, bingwa wa mzaha kutwa nzima, hakucheka. Kasema huwa anakaa macho gizani anasubiri nipumue tena. Miezi na miezi! Na mimi nilidhani macho yake mekundu ni ya kuangalia mpira. Nimelia kidogo. Kesho hospitali, hakuna cha visingizio.

Jumatatu, 8 Septemba

Majibu yametoka. (Jumatano nililazwa na nyaya mwili mzima, kichwani mpaka miguuni. Ajabu ni kwamba nililala hivyo hivyo.) Daktari kaeleza vizuri: nikilala koo linalegea, njia ya hewa inaziba, ubongo unaniamsha nipumue bila mimi kujua. Usiku kucha mchezo ni huo. Ndiyo maana naamka kichwa kinagonga, nimechoka kuliko nilivyokwenda kulala.

Kumbe si uvivu! Nilitaka nimpigie Bosi pale pale.

Dawa si kidonge, ni mashine. Inapuliza hewa kupitia mpira mrefu mpaka kwenye barakoa ya puani, koo lisizibe. Na hakuna kukanyaga gari la mafunzo mpaka daktari mwenyewe aridhike. Nesi kanifundisha kuivaa. Mume wangu kaniangalia juu mpaka chini, kasema alioa mwalimu, leo analala na rubani.

Jumanne, 9 Septemba

Usiku wa ovyo kabisa. Hewa inachomoka pembeni, inanipuliza machoni. Tumbo limejaa upepo. Asubuhi barakoa nimeikuta chini ya kitanda. Nani kaitupa? Mume wangu kaapa si yeye.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimesinzia darasani. Nimesimama wima, fimbo imeelekea alama ya SIMAMA, macho yamefumba. Darasa zima likatulia, wakidhani ndiyo mfano wenyewe!

Ningecheka kama Bosi asingekuwa anapita dirishani. Kapiga mwayo, kaenda zake. Afadhali angenifokea.

Nimempigia nesi kumwambia aje achukue mashine yake, imenishinda. Kanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kasema niivae mchana nikiwa macho, nikiangalia tivii, mwili uzoee taratibu. Na nilegeze mikanda, maana alama za mashavuni nilizomtajia zinaonyesha naikaza kama nafunga mzigo kwenye pikipiki. Haya. Wiki moja zaidi, basi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeshinda sebuleni na barakoa yangu. Mjukuu kauliza kama bibi amegeuka tembo. Nikamkimbiza na mkonga nyumba nzima, kacheka mpaka kaanguka.

Fundi alikuja kunijulia hali. Maskini, anajiona yeye ndiye aliyeniponza. Nikamwambia, Fundi, wewe ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho. Kaziona alama mashavuni, katoa utepe wake mfukoni, kaipima mikanda. Kasema mshono wa kiwandani ni mkavu, nimwachie yeye. Mume wangu kauliza kama suti itakuwa na koti.

Jumatano, 17 Septemba

Fundi kaivisha mikanda kitambaa laini, kile cha ndani ya koti. Na mimi nimelala. NIMELALA! Sikuamka hata kwenda chooni. Nimeota ndoto – sikumbuki lini niliota mara ya mwisho – namfundisha ng'ombe kurudi rivasi, naye anabisha.

Nilipofumbua macho mume wangu alikuwa fofofo, mdomo wazi, mkono umening'inia nje ya kitanda. Sikumwamsha. Nimempikia uji, nikaufunika.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesoma gazeti zima bila kurudia mstari. Nimepanda ngazi za ofisini naimba. Nimegombea rimoti na nimeshinda. Darasani sasa nawachachafya, wananiomba nipumzike!

Bosi kapita na chupa yake ya kahawa, analalamika kichwa kimemuuma tangu alipoamka. Nikamwambia aniangalie, si naonekana mchangamfu? Kasema sura si ushahidi.

Ijumaa, 26 Septemba

Daktari kafungua kumbukumbu za mashine, kaona naivaa usiku mzima, pumzi haikatiki. Kaniruhusu! Bosi kaisoma barua, kaikunja, kasema yeye anaamini macho yake tu. Jumatatu saa nane mchana, tukishakula, barabara ile ile, mwanafunzi Fundi. Yeye atakaa nyuma. Nikifumba hata jicho moja, narudi kwenye fimbo.

Saa nane! Kachagua saa ambayo hata paka hulala. Sawa tu.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika ndani ya gari, kituo cha mafuta. Harakaharaka.

Tulianza vizuri. Kiti changu! Bado kinabonyea upande ule ule. Macho yamenitoka pima. Nikasema kila kitu – kioo, indiketa, gia ya tatu, Fundi usiukumbatie usukani, si mkeo. Nyuma nasikia kalamu ya Bosi inaandika, inaandika. Tulipovuka daraja kalamu ikanyamaza.

Nikasikia trekta.

Fundi akanitazama. Nilijibana nisicheke kwa sauti. Shahidi wangu kalala! Nani sasa atasema nilikuwa macho? Halafu trekta likazimika. Kimya. Nikageuka nyuma. Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nikate wapi?" Nikamwambia hapa hapa, kushoto, ingia taratibu, zima injini. Bosi bado kimya. Nikabonyeza simu irekodi kwa mkono mmoja, na mwingine ukamshika goti – na kabla sijamtikisa akaivuta ile pumzi. Ya mtu aliyeopolewa majini. Kumbe ukiwa upande wa pili inatisha hivi. Mume wangu kaivumilia miezi yote ile.

Akafungua macho. Akauliza tumefika wapi. Nikamwambia. Akasema hakulala, alikuwa anapumzisha macho. Neno kwa neno! Fundi akakoholea dirishani.

Sasa kaenda kunawa uso bombani. Namwona anajimwagia maji shingoni, kola ameifungua. Simu iko mapajani kwangu. Nikinyamaza, kiti nimekipata: hawezi kusema nililala, atajuaje? Nikimsikilizisha, ataona namwumbua, na nikimwumbua sijui kama gari nitaliona tena. Lakini jioni mtu huyu atashika usukani wake arudi kwake, peke yake, kwenye daraja lile lile, hana Fundi wa kumuuliza akate wapi.

Nimemtuma Fundi akanunue maji ya kunywa. Kaniangalia, kaangalia simu, kashuka. Namba ya nesi ninayo kwenye pochi.

Bosi anarudi. Anafuta uso kwa mkono wa shati, anapaza sauti toka mbali – nimefaulu, kiti ni changu, kesho nianze, turudi ofisini. Kesho nianze! Haya ndiyo maneno niliyoyasubiri mwezi mzima.

Nimehamia kiti cha dereva. Nitamwambia akae hapa mbele kwanza, kwenye kiti changu, nina kitu cha kumsikilizisha. Sauti nimeiweka juu. Kashika mlango –