Sentimita Arobaini na Nne

Jumanne, 21 Novemba 2023

Hati ya vipimo ya nne leo. Fulana, suruali, fulana, gauni. Kutwa kucha kuandika mshono huu milimita ngapi, lebo ikae wapi, uzi rangi gani. Macho yanawasha. Bosi kapita nyuma ya kiti changu mara tano. Daktari Arbeláez! Tunamwita daktari na hata kuku hajawahi kumtibu.

Mama kaenda kusafishwa figo. Kadi yake ya matibabu inatokana na kazi yangu hii. Basi nakaa, naandika.

Saa kumi kapiga simu Mama Fabiola, mama yangu wa ubatizo. Ana karakana ya cherehani nane kule mtaa wa Manrique, na ndiye anayetushonea fulana za watoto wa miaka miwili za yule mteja wa Marekani. Kamvalisha mjukuu wake moja. Imekwama puani! Mtoto kalia mpaka sauti ikamkauka. Shingo haipiti kichwa, anasema, niangalie kwenye karatasi.

Nimemwambia nitaangalia. Sijaangalia. Naogopa.

Jumatano, 22 Novemba

Nimeangalia.

Shingo ikivutwa mpaka mwisho: sentimita 44. Kichwa cha mtoto wa miaka miwili ni kama 49. Nimejua papo hapo. Mwezi wa nane nilikuwa na haraka, nikachukua faili ya fulana ya mwaka jana, nikabadilisha jina, rangi, picha. Sote tunafanya hivyo, nani ana muda wa kuanza upya? Ila ile ya mwaka jana ilikuwa na vifungo viwili begani. Hii haina. Vifungo nimevifuta, kipimo nimekiacha! Mjinga mimi.

Sampuli nayo ilipita. Tuliipima kwa futi mezani, tukaivalisha sanamu. Sanamu yetu haina kichwa.

Fulana elfu tatu mia sita. Zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa.

Na kuna jingine, hili naliandika hapa tu. Kabla hajakata kitambaa, Mama Fabiola alinipigia. Alisema hii shingo anaiona ndogo. Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ofisini: "Fuata karatasi, Mama." Akafuata.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimemwambia bosi. Nilitegemea matusi. Kafunga mlango, kaniagizia kahawa. "Usilie, binti. Nani hakosei?"

Kisha dawa yake. Nifungue faili, niandike 54. Niiite toleo jipya, niweke tarehe mosi Septemba, kabla kitambaa hakijakatwa. Basi! Itaonekana karakana ilishonea karatasi ya zamani. Mteja atataka karakana ifutwe kwenye orodha ya washonaji, itafutwa, maisha yataendelea.

— Na wale wanawake wanane?

— Karakana zimejaa mji huu. Watapata kwingine. Wewe je, utapata kwingine? Figo za mama zinaendeleaje?

Kaliuliza hilo kwa upole kabisa. Nami nikasema zinaendelea vizuri, asante. Nimemshukuru! Mimi!

Bado jambo moja. Ile sampuli iliyopitishwa iko ukutani kwa Mama Fabiola, na kikaratasi chake kina sahihi yangu, 44, na tarehe ya baada ya hiyo mosi Septemba. Karakana zote hutundika. Ndiyo ushahidi pekee walio nao. Kasema nikaichukue, niilete Jumatatu.

Ijumaa, 24 Novemba

54. Tarehe mosi Septemba. Dakika mbili tu.

Nimefuta. Nimeandika tena. Luz Dary wa meza ya pili kauliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimekwenda Manrique. Ngazi zile zile, redio ile ile. Nimeingia tu, wakaanza:

— Haya, Yurany wa ofisini kaja! Futeni kiti, atachafua sketi!

— Kaja kutafuta mume au buñuelo?

— Mume wa nini, buñuelo angalau ni andazi la moto!

Nikacheka. Nilitaka ardhi inimeze.

Mama Fabiola alikuwa kwenye cherehani ya mwisho, kafumua bega la fulana moja. Anaona bega likifunguliwa, likatiwa vifungo viwili, kichwa kitapita. Wiki tatu, wakijipanga, zote zitapona. Zitapona kweli! Lakini mteja lazima aambiwe kwa nini fulana yake imeota vifungo. Yaani aambiwe karatasi ilikosea. Yaani mimi, na Daktari aliyeipitisha.

Nikasema sampuli inatakiwa ofisini. Sikutaja kwa nini. Hakuuliza. Kaishusha mwenyewe kutoka msumarini, pembeni ya picha ya Bikira, kaipiga pasi — kaipiga pasi! — kaitia kwenye mkoba wangu pamoja na buñuelo sita za kumpelekea Mama nyumbani.

Mlangoni ndipo kasema, "Utatusemea, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Kashuka nami ngazi zote na goti lake lile bovu.

Jumatatu, 27 Novemba

Saa tatu asubuhi, mezani kwangu. Naandika huku najifanya nanukuu vipimo.

Karatasi imeshachapwa. 54. Mstari wa "Aliyetayarisha" uko wazi, kalamu Daktari kaiweka juu yake mwenyewe. Mteja yuko kwenye simu sasa hivi, namsikia Daktari akicheka naye ndani.

Mama kaandika ujumbe: leo kapata kiti cha dirishani, mashine haimuumizi sana.

Daktari kachungulia mlangoni, kafunika simu kwa kiganja. "Umeileta?" Nimesema ndiyo, Daktari. Sauti ile ile ya ofisini. Kasema, "Nakuja kuichukua."

Nimefungua mkoba chini ya meza. Zimo fulana mbili! Sampuli yangu, na nyingine, ile aliyoifumua Mama Fabiola, imemalizwa, vifungo viwili vyeupe begani. Kibanio na karatasi: Mwonyeshe Daktari, inapita kichwani, tumemjaribia mtoto. Hajalia.

Kicheko kimekwisha ndani. Viatu vyake hivyo.

Mkono wa kushoto umo mkobani. Nimeshika kitambaa, sijui ipi. Napapasa begani, natafuta vifungo