Kadi Nilizozibandua Ukutani

Baba watoto na wifi yangu,

Chai imo kwenye chupa. Binti yetu amelala chini ya meza ya chumbani, msimtoe. Mvisheni vifunika masikio kabla ya kuwasha redio, na akiamka mfunikeni blanketi lake zito mabegani. ~~Saa nne mpelekeni shuleni.~~ Leo asiende.

Kosa ni langu. Jana nilibandua kadi zake za picha, ya kikombe, ya viatu, ya choo, nikazitupa, nikabandika karatasi nilizoandika mwenyewe: CHAI, VIATU, CHOO. Nilidhani kwamba ikiwa mimi nimejua kusoma katika darasa la watu wazima, yeye hatashindwa. Wifi, ulinitania, "Mwalimu mkuu amehamia kwetu!" nami nikacheka kwa kujivuna.

Asubuhi alitaka chai. Alibandua karatasi, akaigeuza, akatafuta picha upande wa nyuma. Alipoikosa, alijigonga kichwa ukutani mpaka nikamkumbatia kwa nguvu, akaniuma. Hasemi kwa mdomo; hana maneno mengine ila kadi zile, na yale aliyokuwa nayo yamekwenda na gari la taka alfajiri. Mwalimu wake alizichora kadi hizo muhula mzima. Mtoto alikaa mwaka kabla ya kuziamini.

Nimekwenda kwa mwalimu huyo kuomba msamaha. Sijui nitaanzia wapi.

Karatasi zangu nimezichana zote. Hii nayo, mkishaisoma, iondoeni mezani kabla hajaamka. Akiona mwandiko wangu, atalia upya.

Mama watoto