Vile Vyuma Vyangu vya Kupandia

Burgi, tumeshuka salama. Sihisi kitu.

Unavijua vile vyuma ninavyofunga kwenye ski zangu, zile mbao za kushukia mteremko wa theluji, ili kisigino kiinuke nikipanda. Baba mkwe kavicheka tangu tunaanza kupanda. "Viuze, mkwe. Mzigo wa punda huo."

Kileleni nikavivua ili tushuke. Kimoja kimeganda, hakitoki. Mzee ameshageuza ski kuelekea mteremkoni. "Utatuzeesha hapa."

Nikamwomba anishikie ski. Akarudi akinung'unika, akainama.

Theluji ya mteremko mzima ikakatika, ikaporomoka. Palepale alipotaka kupita.

Alikuwa ameshageuza ski, Burgi. Ameshageuza.

Tumeshuka kwa miguu, tukifuata mgongo wa mlima, kile chuma kilichoganda tulikichomoa, kakibeba mkononi mpaka kwenye gari. Ndipo akanirudishia.

"Usiviuze."