Ndege Iliyobaki Chini

Gisenyi, 14 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Uwimbabazi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi sijambo, wifi yako Verediane hajambo, ila Mama ndiye anayetutia wasiwasi. Uvimbe wa shingoni umekua hata kumeza uji ni kazi, na sasa analala ameketi. Nilimsomea habari za daktari wa upasuaji uliyempata huko Nairobi. Akasema, "Mwambieni asinikate sauti, bado nina watu wa kugombana nao."

Kwa barabara haiwezekani, magari yanashambuliwa. Lakini Mungu si Athumani: Mzee Rutagengwa, yule mfanyabiashara wa chai ambaye mimi ndiye fundi wa vyombo vya ndege yake ndogo, amekubali kumleta. Kikwazo ni saa ya kimo, ile inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Niliijaribu kwenye mtungi unaonyonywa hewa iwe nyepesi kama ya huko juu: mshale unapanda vizuri, lakini wakati wa kushuka unanata, kisha unaruka ghafla. Rubani anaweza kudhani yuko juu ya milima kumbe yuko usawa wa mawe. Na mvua hizi, mawingu hayaondoki kwenye volkeno. Mhimili wa mshale umelika. Niombee mwingine kwa mafundi wa uwanja mdogo hapo Nairobi. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Kaka yako,
Mbonigaba

Nairobi, 27 Machi 1998

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ya wodini inaendelea. Mama anakula? Amepata nafuu ya kupumua?

Mhimili nimeupata. Nimempa Mukabera, mwenzangu wa wodini, anayekuja huko kwa basi kupitia Kampala. Daktari anamngoja Mama, na kitanda changu nimeshamtandikia, mimi nitalala chini.

Kaka, fundi aliyenipa mhimili anasema rubani aliyezoea njia anaweza kuruka kwa macho tu kukiwa kweupe. Kwa nini msije siku mojawapo ya namna hiyo? Mimi nimewaona wagonjwa wa uvimbe huu. Hawangoji.

Mdogo wako,
Uwimbabazi

Gisenyi, 19 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Pole sana. Sijui nikuulize hali gani. Verediane alikupigia simu, kwa hiyo unajua. Mama tumemzika Nyamyumba, juu ya ziwa, mahali alipopapenda tangu tuliporudi kutoka Mwanza.

Usisikie kwa watu, sikia kwangu. Alipoanza kukoroma kwa kukosa pumzi, tulimbeba hadi uwanjani. Kulikuwa kweupe. Mukabera alikuwa bado amekwama Kigali. Rubani Muhire akaniambia, "Bon, rudisha tu hiyo saa vile iko, mi najua njia." Mzee naye alikuwa tayari. Saa ilikuwa mkononi mwangu. Nilitazama milima, nikasema hapana, mawingu yakifunga njiani mtakufa wote. Tukamrudisha nyumbani.

Kulibaki kweupe kutwa nzima, Uwimbabazi. Halikutokea hata wingu moja. Kesho yake akafariki.

Kaka yako,
Mbonigaba

Nairobi, 3 Mei 1998

Kaka,

Nimesoma. Ulikuwa na saa mkononi na Mama mgongoni, ukachagua saa. Sina la kuongeza.

Uwimbabazi

Nairobi, 16 Agosti 1998

Kaka yangu,

Shikamoo. Hamjambo huko? Nasikia vita vimeanza tena ng'ambo ya mpaka, nami sina habari zenu. Barua zangu za Juni na Julai hukuzijibu. Kama ni kwa sababu ya ile ya Mei, niliiandika nikiwa sijaweza hata kulia. Andika neno moja tu, kwamba mko hai.

Mdogo wako,
Uwimbabazi

Gisenyi, 21 Novemba 1998

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa mezani kwako. Wifi amenipikia isombe ya majani ya muhogo na vile visamaki vya ziwani, sambaza, lakini hali yake na yangu ni moja: tunatazama mlango. Anasema uliposikia nakuja uliondoka kwenda Mahoko, na kwamba tangu ulipoifunga ile saa na mhimili wake mpya hujagusa ndege tena. Unatengeneza redio za watu sokoni.

Mzee Rutagengwa alikuwa na safari Nairobi, akanipa nafasi. Tulipokaribia huku mawingu yakafunga. Weupe mtupu, kaka, kama kufunikwa shuka. Muhire hakutazama nje tena, macho yake yalikuwa kwenye vyombo vyako. Nikamuuliza milima iko wapi. "Volcan iko hapo kushoto, dada. Mi siioni, we hauioni. Lakini iko."

Nilishikilia kiti mpaka magurudumu yalipogusa chini. Kisha nikamuuliza: siku ile ya Mama, mngefika? Akazima injini. "Labda tungefika. Labda ingefunga kama leo. Mi sijui, na hakuna mutu atajua."

Nilikuwa nimekuhukumu kana kwamba mimi najua. Nisamehe. Nipo mpaka kesho Jumapili asubuhi, ndege itakaponirudisha Nairobi. Wifi anamtuma mtu akuletee barua hii.

Mdogo wako,
Uwimbabazi

Mahoko, 25 Novemba 1998

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na kazi umeikuta vizuri. Sisi tu wazima.

Sikukukimbia kwa hasira. Nilikuogopa. Yale maneno yako ya Mei niliyaamini, na zipo siku bado nayaamini. Fundi akiizuia ndege isiruke, hatajua kamwe alizuia nini. Watu hunipa pole kwa kufiwa, na mimi sijui kama pole hiyo ni yangu kuipokea.

Barua yako ilinifikia jioni. Jumapili niliamka mapema nikapanda gari la mboga, likaharibika Nyundo, nikamalizia kwa miguu. Nilipofika uwanjani mlikuwa mmesharuka. Niliiona ndege ikigeuka juu ya ziwa, nikakupungia mkono, nikaendelea kupunga, ingawa ni kazi yangu kujua kwamba kwa kimo kile mtu aliye chini haonekani.

Kaka yako,
Mbonigaba