Waliohudhuria Naluwale

Jumatatu, 14 Julai

Nimepulizia salfa mikorosho tangu alfajiri. Macho yanawasha, kohozi la njano. Mashine imezimika mara tatu. Shamte anasema niipumzishe. Mume wangu huyu, kwake kila kitu kipumzishwe.

Saa nne nikaenda msituni Naluwale kuchimba ming'oko, viazi vyetu vya porini. Nikafika kwenye ule mti wa mkongo ulio mlango wa msitu, nikavua kandambili, nikamwaga unga, nikapiga hodi na kujitaja mimi binti nani. Hakuna anayeingia Naluwale bila hodi, hata mtoto. Nikainua macho. Mkongo umepigwa alama ya X, rangi nyekundu, bado mbichi.

Ming'oko sikuchimba. Nimeogopa, na sijui hata nimeogopa nini.

Jumanne, 15 Julai

Nimerudi Naluwale. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maliasili, nisiporudi mimi atarudi nani. Mikongo, mininga, mpaka mivule, yote ina X. Matairi ya pikipiki yamefika hadi chemchemini, pale tunapoteka maji kiangazi visima vikikauka. Nyayo za viatu kila mahali.

Nikaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji. Mtendaji wetu ni mgeni, hajamaliza hata mwaka. Kanipa kiti, kacheka. "Bi Somoe, mbona mlishakubali?" Akatoa muhtasari. Mkutano mkuu wa kijiji umeridhia Naluwale yote apewe mwekezaji. Mkutano huo haujawahi kukaa. Nikamwambia hivyo, tena kwa sauti.

Akafunua ukurasa wa mwisho, wa mahudhurio. Mwandiko ulikuwa wangu.

Akaivuta karatasi kabla sijaisoma. Anasema Alhamisi ya wiki ijayo inajadiliwa wilayani, Kibiti. Wakipitisha, basi.

Jumatano, 16 Julai

Daftari langu la ukatibu limekatwa ukurasa. Kwa wembe, taratibu, hata uzi haukulegea.

Niandike vizuri ilivyokuwa, kichwa kitulie. Kila mwaka baada ya mavuno tunazunguka mpaka wa Naluwale miguu mitupu, kila kaya inatoa mtu. Mimi naandika waliokuja, nao wanaweka saini au dole gumba. Ambaye hayumo hachimbi ming'oko mwaka huo. Juu ya ukurasa naandika neno moja tu: Waliohudhuria. Siandiki wamehudhuria nini. Siandiki tarehe. Jambo la mizimu husemwa, haliandikwi, ndivyo tulivyokuta.

Mwezi uliopita mtendaji akaniomba daftari, ati anataka majina ya kaya kwa ajili ya salfa ya ruzuku. Nikampa kwa mikono miwili. Na chai nikamnywesha. Karudisha kesho yake, wala sikulifungua.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Shamte sijamwambia.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia. Katoka nje kwenda kufuta mashine.

Ijumaa, 18 Julai

Habari imeenea baada ya swala. Kisimani wanawake wamenyamaza nilipofika. Nimeinama kuteka, nyuma yangu mtu kasema, katibu kauza msitu. Sauti naijua. Nimemlea mwanawe alipoumwa.

Nikapita ofisini na ndoo kichwani, nikamwambia mtendaji kwamba Alhamisi nakwenda Kibiti kupinga. Mbele za watu. Mdomo wangu huu utaniponza. Mama alikuwa akisema hivyo tangu nikiwa mdogo.

Jumamosi, 19 Julai

Saa sita mchana. Pikipiki imesimama nje ya uzio. Watu wawili, kofia ngumu. Injini inanguruma. Hawakuzima, hawakupiga hodi.

Mtu wa mbali hataelewa. Sisi huku tuna miaka yetu mibaya, viongozi wa vijiji walipokuwa wakiitwa mlangoni na kupigwa risasi, na wauaji walikuja kwa pikipiki. Imepita, tunasema imepita. Lakini pikipiki ikisimama nje bila hodi, mwili wangu unakumbuka kabla yangu. Nilijibanza nyuma ya pipa la maji. Nilijikojolea kidogo. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Wakaondoka.

Jioni Shamte kanipeleka shambani. Mikorosho mitano imechunwa magome, panga limezunguka shina lote. Itakauka. Ile mitano ya mama.

Jumapili, 20 Julai

Shamte kasema, mke wangu, tunyamaze. Nimekubali. Si kwa sababu ananishinda kwa maneno, hanishindi. Nimekubali kwa sababu naogopa.

Nimeandika barua ya kujiuzulu ukatibu. Mistari minne.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi kaja mama mdogo, Bi Tatu. Yeye ndiye anayetutangulia kupiga hodi Naluwale, na ana hasira za karibu. Nilidhani kaja kunipa pole. Wapi. Kanisema mpaka chai ikapoa. Nimetoa daftari kwa mtu ambaye hata kwao hatukujui. Nimekaa ndani kama mwali. Barua yangu kaiona mezani, hakuigusa.

Kisha akaniuliza: "Katika karatasi hiyo, baba yangu ulimwandika wa ngapi?" Mwaka jana nilimwandika wa tatu, akaninunia mwezi mzima. Nikamjibu kwamba safari hii nimemweka namba moja, halafu wale wengine sita.

Tukatazamana.

Siku ya kuzunguka mpaka, wa kwanza kuitwa ni wazee wetu saba waliozikwa Naluwale. Wao ndio wenyeji. Nami nawaandika kwanza, na wajukuu zao wanaweka dole gumba kwa niaba yao. Walio hai wanaanzia namba nane, na namba nane ni mimi katibu. Mtendaji hakujua. Kwake jina ni jina. Kapeleka wilayani mkutano ambao wajumbe saba wa mwanzo ni marehemu.

Tulicheka mpaka Bi Tatu akashika ubavu. Alipoondoka hofu ikarudi, tena kubwa zaidi, maana sasa sina kisingizio. Barua nimeichana.

Jumanne, 22 Julai

Namba nisiyoijua imepiga mara tatu, kimya. Mara ya nne mwanamume, sauti ya upole. Kanitajia jina la mjukuu wangu na shule anayosoma. Akakata.

Wajukuu nimewapeleka kwa shangazi yao Ikwiriri na basi la mchana. Mdogo kauliza wanarudi lini. Nimesema Ijumaa kwa sababu ilibidi niseme kitu.

Nikifa sitahitaji hata kuhamishwa kwenye orodha. Namba nane nitabaki pale pale, chini ya wale saba. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi.

Alhamisi, 24 Julai

Nimefika nyumbani. Nianze na hilo.

Tulikwenda kumi na wawili, nusu yao ni walewale walioninyamazia kisimani. Shamte naye kaja, hakuniambia kwamba anakuja, nimemkuta kituoni kavaa kanzu. Kikao kiliongozwa na mama mmoja wa idara ya ardhi mwenye miwani. Mtendaji kakaa mbele na faili. Nyuma yake mwanamume wa shati jeupe, ambaye hakuniondolea macho hata mara moja.

Mama wa miwani akauliza tuna ushahidi gani. Nikamtazama yule wa shati jeupe badala ya kujibu. Mimi, mwenye mdomo. Bi Tatu akanifinya paja. Nikasema, ita mahudhurio.

Akaita. "Namba moja, Saidi Kipaku."

Bi Tatu akasimama. "Huyo baba yangu. Tumemzika kabla sijaolewa. Ukimtaka, vua viatu twende."

Namba mbili. Mtu nyuma akasema, bibi yangu, marehemu. Namba tatu, marehemu. Ya nne Shamte kaijibu, maana ni babu yake, tena kwa sauti. Kufika namba tano mama wa miwani hakuwa anatutazama sisi tena. Alikuwa anamtazama mtendaji. Mtendaji akasema majina hufanana. Akaulizwa, na walio hai waliofanana nao wako wapi, wasimame. Hakusimama mtu.

Ndipo akanigeukia. Kama wamekufa, haya madole gumba ni ya nani, na karatasi hii ni ya nini? Ikabidi niseme. Mbele ya watu wa ofisi nikataja hodi, unga, wazee saba, yote ambayo hata kwenye daftari sijawahi kuandika. Nililia nikiyasema. Nilijiona nawavua nguo wazee wangu. Bi Tatu alitazama chini muda wote.

Maombi yamesimamishwa, faili limezuiwa, mtendaji atahojiwa. Kusimamishwa si kufutwa, nimelisikia neno hilo vizuri. Nje, mwanamume wa shati jeupe alikuwa ameegemea gari. Kaniamkia kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 26 Julai

Pikipiki nje saa nne asubuhi. Ikanguruma, ikazimwa. Kimya kirefu.

Halafu, "Hodi! Hodi wenyewe! Kwani mmekufa?" Bi Tatu, kaja na bodaboda kutoka Bungu, na mfuko wa unga mapajani. Kanikuta natoka uvunguni mwa kitanda. Nimemwambia natafuta kandambili. Zilikuwa miguuni.

Kaniondolea utando wa buibui kichwani, akaomba chai.

Jumapili, 27 Julai

Mtendaji hajaonekana tangu Alhamisi. Wajukuu wako bado Ikwiriri.

Tumezunguka mpaka tena, ingawa si wakati wake. Bi Tatu anasema wazee wamesumbuliwa, waombwe radhi. Watu walikuja wengi kuliko mwezi uliopita. Yule wa kisimani kaja na unga wake, kasimama karibu yangu. Mpaka sasa sijui kama nimemsamehe. Shamte alibaki mlangoni na msasa, akisugua ile X kwenye mkongo. Amesugua asubuhi nzima. Haijatoka yote.

Nilipofungua ukurasa mpya nikamuuliza Bi Tatu nifanyeje. Akasema, andika ni nini. Walishaambiwa wale wa ofisini, na wazee hawajatuua. Basi nimeandika juu: Waliopiga hodi Naluwale. Na tarehe. Na chini ya wale saba nimepiga mstari, nikaandika kwamba hao ni marehemu.

Nikafika namba nane. Barabarani pikipiki ikapita, sote tukageuza shingo. Ilipita tu.

Namba nane, Somoe binti Ngwele, yu hai. Saini imetetemeka, lakini inasomeka.