Nilimvua Mama Shanga kwa Kihispania

Kwako Mama Bilha wa ukurasa wa ushauri, ejok, hujambo. Naandika mtoto akiwa mgongoni, usichukie mwandiko. Shule niliachia darasa la tano, lakini hapa misheni Kakuma Sista Pilar anatufundisha Kihispania wanawake sita, kwa sababu daktari anayekuja hajui lugha nyingine na anataka msaidizi, na mimi naitamani sana hiyo kazi, nimlee Losike wangu vizuri. Tumefika kwa vineno vya anayetendewa, me, te, lo, la, Wahispania wanavisimamisha peke yavyo na sisi tunavimeza ndani ya kitendo, basi Sista akasema kila mtu aandike jambo la utotoni, nani alikubeba, nani alikupa nini. Niliona haya kuandika mbuzi na kuchimba maji kwenye mto mkavu, nikaandika mama yangu ni mwalimu, alinipa mwanasesere siku yangu ya kuzaliwa, na shingoni hana shanga, ana mkufu mwembamba kama yule mama wa kwenye kitabu chetu cha Kihispania. Sista akafurahi, vineno vyote vilikuwa sawa, sasa Jumapili nitasoma mbele ya watu, katekista Ethuro atatafsiri kwa Kiturkana, na mama yangu Nakal anatoka Lodwar kunisikiliza, nasikia ameshapaka shanga zake mafuta. Nikisema ukweli nitakosa kazi? Au nimwambie mama asije?

Akuwam, Kakuma, 1978

Akuwam,

Mwandiko hauna shida. Kichwa ndicho kina shida. Asije? Utamwambia nini, barabara imeharibika?

Siku ya kuzaliwa, eti. Tarehe yako unaijua? Nimekaa Lodwar miaka tisa, akina mama wa rika la Nakal wananiambia tu huyu alizaliwa wakati wa mvua, huyu wakati wa njaa. Ethuro akifika hapo watu watacheka, na utakuwa umekitafuta kicheko hicho. Kwenye shanga hawatacheka. Kwenu mama anazivua akifiwa. Atakaa benchi la mbele asikie binti yake akitangaza kwamba shingo yake iko wazi, na wenzake wamgeukie kutazama amemzika nani. Aibu ya umaskini naijua, binti yangu, nilitoka nayo Bungoma. Lakini sikumvika mama yangu msiba.

Na kazi? Daktari atafanya nini na msaidizi kama wewe? Mgonjwa aseme anaharisha, wewe useme anaumwa kichwa, kwa kuwa kichwa kina heshima?

Leo hii nenda kwa Sista, umwambie ulidanganya, na usimpotezee muda kwa kulia. Omba karatasi nyingine. Andika hayo maji uliyoyaonea haya: nani alikuteremsha ndani ya shimo, nani alikupa kata, nani alikuvuta juu kwa kamba. Vineno vyako vyote vina kazi hapo.

Ya mkufu yaishie kwa Sista. Mama aje. Kabla ya misa msomee yeye kwanza, kwa Kiturkana, mkiwa wawili. Akikwambia hapa haikuwa hivyo, futa uandike anavyosema yeye. Wewe ulikuwa mtoto, yeye ndiye aliyeshika kamba.